Baraza ya Mawe ya Mama Mkwe

Nilitandika baraza nzima ya mawe mbele ya nyumba ya mama mkwe wangu bila kuuona uso wake hata mara moja. Yeye ndiye aliyeyachagua mawe, yeye ndiye aliyeyakataa, na yeye ndiye aliyenifanya ning'oe nilichokwisha kutandika, mara mbili. Lakini kama mngenipangia wanawake kumi wa mji wetu wa Kamina na kuniuliza mama mkwe wangu ni yupi, ningeomba kwanza nisikie wanavyokohoa.

Nieleze taratibu, maana vijana wa leo wananitazama kwa huruma nikianza habari hii. Kwetu Waluba, mwanamume na mama wa mkewe wanaheshimiana kwa kukwepana. Heshima hiyo tunaiita buko. Hamtazamani, hamli pamoja, hampeani mkono. Ukimwona anatoka sokoni, unaingia kwenye nyasi mpaka apite. Yeye akikuona kwanza, anajifunika kitambaa na kuugeukia mti wa karibu, kama mtu aliyekumbuka jambo la kuuambia. Si ugomvi. Mnapendana sana, ila kwa mbali. Mkitaka kuambiana neno mnamtuma mtu wa tatu, na mtu wa tatu akikosekana unasema na kuku, naye mama mkwe anasikia.

Ilikuwa miaka michache kabla ya uhuru. Nilikuwa fundi wa mawe, nikijenga ngazi na misingi ya nyumba karibu na stesheni. Mke wangu alikuwa amekwenda kwa mama yake kujifungua mtoto wetu wa kwanza, kama ilivyo desturi, na alijifungua salama, mtoto wa kike. Baada ya miezi miwili hivi ningekwenda kuwachukua. Nilikuwa nimefagia nyumba, nimetengeneza kitanda kidogo, na kila jioni nilijipikia bukari, ugali wa kwetu, iliyoungua upande mmoja na kuwa mbichi upande wa pili. Niliwatamani sana watu wangu wawili, na tumbo langu liliwatamani pia.

Hapo ikanyesha mvua ya kwanza. Mke wangu alitoka nyumbani kwao kwenda jikoni, ambako kulikuwa ng'ambo ya ua, akateleza akakaa chini kwenye matope, sufuria mapajani, imara kama mtu anayengoja treni. Hakuumia, na mtoto alikuwa ndani amelala. Lakini kesho yake baba mkwe alinijia na ujumbe.

“Mama yako anasema hivi,” aliniambia. “Mutoto yake na mujukuu yake habatatoka mu hii lupango juu ya matope. Batatoka juu ya majibwe. Anasema, muko yake haiko fundi ya majibwe? Njo vile.”

Lupango ni kiwanja cha nyumba na ua wake. Muko ni mkwe, na huyo muko nilikuwa mimi. Nilifurahi mno. Kiwanja cha mbele ya nyumba kilikuwa hatua kumi kwa sita. Nilihesabu wiki mbili, kisha mke wangu na binti yangu wangekuwa kwangu. Nilikosea hesabu kama ambavyo fundi hukosea tangu siku fundi wa kwanza alipoulizwa kazi itakwisha lini.

Mawe tuliyapata kwa baba mkwe. Yeye alikuwa mtu wa reli, na kazi yake ilikuwa kugonga magurudumu. Treni ikisimama, alipita kandokando yake na nyundo yenye mpini mrefu, akigonga gurudumu moja moja na kusikiliza. Gurudumu zima linalia, lenye ufa linanung'unika. Alijua mahali, kwenye njia ya kwenda Bukama, ambapo reli inakata kilima, na pale wakataji walikuwa wametupa kando mawe ya ardwazi. Ardwazi ni lile jiwe jeusi lenye rangi ya buluu kwa mbali, linalopasuka vipande bapa kama kurasa za kitabu. Watoto wa shule waliandika kwenye vibao vya jiwe hilo hilo. Mkubwa wake alimwambia achukue atakavyo, akamshukuru hata kwa kuwaondolea takataka, na mawe yakaja Kamina juu ya gari la mizigo, kisha lupangoni kwa mkokoteni.

Sasa nikuambie namna ya kuchagua ardwazi, kwani siku moja unaweza kuhitaji, na si jambo la kuogopesha. Kwanza, lining'inize kwa vidole viwili, uligonge. Jiwe zuri linalia kama sahani. Jiwe lenye ufa wa ndani linasema pu, kama boga. Pili, litazame kwa ukingo, jicho moja limefumbwa, uone kama lina tumbo. Tatu, limwagie maji. Jiwe zuri halinywi maji: yanateleza juu yake, na jua likilipiga kidogo tu limekauka. Jiwe baya linayanywa maji na kubaki limelowa muda mrefu, na baada ya misimu miwili ya mvua linaanza kuachana kurasa.

Baba mkwe alitaka kugonga yeye. Aliyapanga mawe yakiegemea ua wa matete, akapita na nyundo yake kama yuko stesheni, mimi nyuma yake nikiyabeba. Aligonga la kwanza, akainamisha sikio.

“Hii itafika Bukama.”

La pili lilisema pu. “Hii itafia njiani.”

Lilikuja jiwe moja zuri sana, pana, lililolia mpaka mbwa wa jirani akaitikia. Akaligonga tena kwa raha tu. “Hii itafika Kinkondja,” alisema, “na kule reli haiko.”

Tulipomaliza tulikuwa na mawe mazuri mengi na mabaya machache, lakini yote yalikuwa bado yameegemea ua pamoja, kwa sababu mama mkwe naye alitaka kuchagua. Haki yake. Baraza ilikuwa yake. Ila hatukuweza kuwa uani kwa wakati mmoja, basi tukapatana hivi, kwa kinywa cha baba mkwe: mimi nitoke niende barabarani, yeye atoke ndani ayatazame, ayamwagie maji yale anayoyataka, arudi ndani, kisha niitwe.

Nilikaa barabarani chini ya jua. Nilimsikia akikohoa uani, nikasikia maji yakimwagika, mara nyingi. Mwanamke mwenye bidii, nikajiambia. Kisha kimya. Baba mkwe alikuwa amesinzia kitini, kwa hiyo ilipita saa nzima kabla sijaitwa.

Umekwisha kuona kosa, nami nakupongeza, maana mimi sikuliona. Nilipoingia, mawe mazuri yote yalikuwa yamekauka, makavu kama mfupa. Yaliyobaki yamelowa, meusi ya kung'aa, yalikuwa yale yanayokunywa maji. Mama mkwe alikuwa amemwagia yote mazuri na, kwa ukarimu, machache mabaya ambayo rangi yake ilimpendeza. Mimi niliona tu mabaya. Nikasimama pale nikiwaza kwamba mama wa mke wangu ana jicho baya kuliko watu wote niliowahi kukutana nao, kisha nikakumbuka kwamba sijawahi kukutana naye.

Ungefanya nini? Kumwambia mama mkwe kwamba hajui mawe ni kumvua nguo hadharani. Nikanyamaza kwa heshima. Niliyatenga yale mabaya, nikachimba kona ya karibu na mlango kina cha shubiri moja, nikashindilia, nikamwaga mchanga, nikaweka chokaa, na kwa siku mbili nikayatandika mawe mabaya kwa ufundi wangu wote. Kazi ilikuwa safi. Mawe yalikuwa ya aibu.

Jioni ya pili baba mkwe alitoka na ujumbe. Mama aliuliza kama muko wake ni mgonjwa. Aliuliza pia, kwa upole, kama homa hiyo iko katika ukoo, kwa ajili ya mtoto. Tulipoeleza, kila mmoja kwa zamu, huyu barabarani na yule jikoni, na baba mkwe akitembea katikati, ilichukua muda mpaka jambo likaeleweka. Nikasikia kicheko ndani ya nyumba, na nikakitambua: kilikuwa cha mke wangu, alicheka mpaka akamwamsha mtoto. Niling'oa kona yote.

Basi nikaanza upya na mawe mazuri. Hapa ndipo penye ufundi, na ukinifuata hutashindwa. Vuta uzi kutoka ukutani. Kiwanja kisilale sawa kabisa, bali kiteremke kutoka nyumbani kwenda nje, kila hatua mbili unene wa kidole, ili mvua isije kukusalimia sebuleni. Weka mawe makubwa pembeni, madogo katikati, kwani mtu hukanyaga sana pembeni na mawe madogo hutoroka. Acha nafasi ya kidole kati ya jiwe na jiwe. Usipange pembe nne zikutane mahali pamoja, panakuwa kama njia panda, na macho yanakwenda pale yasirudi. Kila jiwe lipigepige kwa nyundo ya mti, si ya chuma, na weka nivo juu yake, ile chupa ndogo yenye povu. Jiwe lako la kwanza likikaa kombo, usivunjike moyo. Ling'oe, liweke tena. La kwanza langu nililing'oa mara tatu, nami ni fundi wa kulipwa.

Siku ya tano ya kazi hiyo mama mkwe alirudi kutoka sokoni mapema. Desturi yangu ilikuwa kugonga nyundo kila mara ili ajue niko wapi, lakini wakati ule nilikuwa nimelala kifudifudi nikitazama mteremko, na nyundo ilikuwa kimya. Alikuwa amefika katikati ya ua na beseni kichwani niliposikia kile kikohozi, karibu, nyuma yangu. Nyasi za kuingilia hazikuwapo. Nilichukua kikapu cha mchanga, mchanga ukiwa bado ndani, nikakivaa kichwani. Yeye, kwa sauti niliyoisikia, alishusha beseni usoni, na samaki wakavu wa ziwa Kisale wakaanguka juu ya chokaa mbichi.

Tulisimama hivyo, vipofu wawili wenye adabu. Niliomba radhi kwa kikapu. Yeye aliomba radhi kwa beseni. Nikapiga hatua kumpisha, naye akapiga hatua kunipisha, na kwa jinsi kikohozi kilivyozidi kusogea nilijua tunapishana kuelekea mahali pamoja. Kugusana kwetu kungekuwa jambo la kuitisha wazee na kuchinja kuku, pengine mbuzi.

Baba mkwe alitoka mlangoni. Hakushangaa hata kidogo. Miaka yote hiyo alikuwa ameangalia mabehewa yakipangwa stesheni.

“Weye wa kikapu, simama,” alisema. “Weye wa beseni, rudia nyuma. Polepole. Polepole. Bon. Kikapu, geuka kuume, kuko ukuta. Beseni, pita.”

Nikasikia kikohozi kikipita mbele yangu, kikiingia jikoni, mlango ukafungwa. Samaki mmoja alibaki amekauka katika chokaa na nililazimika kumtoa kwa patasi.

Basi baraza ikaenda mbele, na kadiri ilivyokwenda, ndivyo ujumbe ulivyoongezeka. Mama anasema mawe yanateleza, mtoto ataanguka. Mtoto alikuwa na wiki saba na hata kugeuka upande hakujua, lakini niliyasugua mawe kwa mchanga mpaka yakawa na ukwaruzo. Mama anasema upande wa kushoto umekuwa mweusi mno kama chungu kilichoungua, upande wa kuume una ubuluu. Hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa kosa langu: nilitoa mawe kwenye rundo moja mpaka likaisha, kumbe inafaa uchanganye marundo tangu mwanzo. Niling'oa mistari minne. Mama anasema mawe yanashika joto mno. Alikuwa ameanika samaki juu yake na walikauka kabla ya mchana, jambo ambalo mtu mwingine angelishukuru.

Mimi, mjinga wa watu, niliyajibu yote kwa mikono. Miezi miwili ilipita, ikaingia wa tatu. Nilimwona binti yangu kwa dakika chache kila jioni, mke wangu akimleta kwenye lango, na kila jioni alikuwa amezidi kunenepa na kunitazama kama mtu asiyejua niliingia katika habari zake kwa njia gani. Mke wangu alisema amechoka kulala chumba cha usichana wake, ila hataki kumharakisha mama. Nilimwambia avumilie, nimebakiza mawe machache. Hata lango nililiambia hivyo hivyo mara nyingi, yeye akiwa amekwisha kurudi ndani.

Ikafika siku nimebakiza jiwe moja. Nilikuwa nimekwisha kulipima na kulikata: pana, la buluu, la kukaa katikati kabisa ya baraza. Chokaa ningeichanganya kesho asubuhi. Nilikwenda nyumbani nikafagia tena.

Asubuhi nilipofika na kugonga nyundo langoni, hakuna aliyekimbia. Nilichungulia kupitia matete kwa jicho moja na nikaliondoa jicho haraka. Katikati ya baraza kulikuwa na kiti. Miguu ya kiti ilikuwa ndani ya lile shimo lisilo na jiwe. Juu ya kiti kulikuwa na mtu, mgongo kwangu, na juu ya bega lake nilikiona kichwa kidogo chenye nywele za binti yangu.

Nikangoja barabarani. Mchana alikula pale pale. Jua lilipogeuka, alifungua mwavuli. Kesho yake hivyo hivyo, na kesho kutwa. Wewe niambie ningefanya nini. Mlinzi wa benki ningeweza kumwomba apishe. Mama mkwe, hata kumkaribia siwezi. Niliketi nje ya ua na jiwe langu mapajani, majirani wakinisalimia kama mtu anayeuza kitu.

Siku ya tatu baba mkwe alitoka kwenda kazini, nyundo begani. Nilimlalamikia. Nikamwambia anieleze kasoro iliyobaki, nitairekebisha: mteremko, rangi, joto, lolote. Nilikuwa nimepima tena kwa nivo, jiwe kwa jiwe, kabla kiti hakijawekwa. Aliligonga lile jiwe mapajani mwangu, likalia vizuri.

“Gurudumu iko muzima, muko,” alisema. “Ni treni njo haitaki kuenda.”

Akaenda zake stesheni. Nilikaa na maneno hayo, na nikaona aibu. Miezi yote hiyo nilikuwa nikisikiliza mawe. Mama yule alikuwa amezaa watoto watano, wanne ni wa kiume na wameoa mbali, Malemba-Nkulu na kwingine, wajukuu anawasikia kwa habari tu. Mjukuu huyu mmoja ndiye aliyezaliwa mikononi mwake. Na mimi niliahidi kwa furaha kubwa, kila siku, kwamba karibu namaliza.

Niliingia uani kwa kurudi nyuma. Ni ufundi ambao buko inakufundisha. Nilisukuma miguu taratibu, mgongo mbele, jiwe kifuani, mpaka nikahisi chini ya kisigino ukingo wa mwisho wa baraza. Nikachuchumaa, uso langoni. Kuku mmoja alikuwa akidonoa chokaa kavu mbele yangu, nikamshukuru Mungu kwa kumleta.

Nilimwambia kuku kwamba nimeleta jiwe la mwisho. Nilimwambia pia kwamba nimekuwa mpumbavu, nimejibu swali ambalo halikuulizwa. Kuku aliendelea kudonoa. Nyuma yangu kiti kikalia, kikasogezwa. Kilisogezwa hatua moja tu, si zaidi.

Nikasogea kinyumenyume mpaka shimoni, nikalitandika jiwe lile nikiwa nimempa mgongo, naye amenipa wake, mikono yangu ikipapasa shimo nyuma yangu kama mtu anayefunga gauni la mke wake gizani. Nivo sikuweza kuisoma. Nilipiga nyundo ya mti kwa kukisia. Nilipomaliza, nilisikia mguu wake ukilipapasa, kwanza kidole, kisha unyayo. Alimwinamia mtoto. Alisema naye kwa sauti ya kutosha kufika barabarani.

“Mujukuu, hii jibwe ya mwisho minyi siiamini. Siku moja itapasuka. Mwenye kuiweka atakuya kuiangaria kila siku ya yenga. Na asikuye peke yake.”

Siku ya yenga ni Jumapili. Jiwe lile nililijua: lilikuwa zima kuliko yote, lingefika baharini. Nilimgeukia kuku.

“Kuku,” nilisema, “mama anasema kweli. Jibwe ya mwisho njo iko na magonjwa mingi. Inaomba bantu batatu, kila siku ya yenga, kutoka asubui.”

“Na balale kama mvua inanyesha,” alimwambia mtoto.

“Na balale,” nikamwambia kuku.

Jioni ile mke wangu alitoka mlangoni amembeba binti yetu mgongoni, akapita juu ya mawe kutoka kizingiti mpaka lango bila kulowa hata ukucha. Mama mkwe alikuwa jikoni, akikohoa.

Jumapili iliyofuata tulilikagua lile jiwe. Baba mkwe alileta nyundo akaligonga, akasema halijambo lakini tusilidharau. Jumapili ya pili tulilikagua tena. Lilikaguliwa mwaka mzima, masika na kiangazi, kuliko gurudumu lolote la treni, mimi nikilala kifudifudi na nivo, uso ukutani, na mama mkwe nyuma yangu kwenye kiti chake, mtoto mapajani, akimweleza kwa kirefu kila kasoro anayoiona.